Kujiamini Hakurudi kwa Hotuba: Mafunzo Yanayomfaa Aliyekaa Muda Mrefu Bila Kazi Kijijini

Mtu aliyepoteza kazi jana bado anajiona fundi, mhasibu, dereva au mlinzi ambaye kwa sasa hana pa kwenda. Aliyekaa mwaka wa pili au wa tatu hajioni hivyo tena. Ukimwuliza anafanya nini, atakujibu, “Nipo tu.” Shirika la Kazi Duniani (ILO) huhesabu ukosefu wa ajira kuwa wa muda mrefu unapofikia miezi 12, na sisi tunaowahudumia watu hawa tunajua kwa nini muda huo una uzito. Ukipita, tangazo la nafasi ya kazi pekee halitoshi kumwinua mtu. Analisoma, anajiambia kwamba haliwahusu watu kama yeye, analiacha lilipo. Majirani wakiona hivyo humwita mvivu, na yeye mwenyewe huanza kuamini.

Neno hilo “mvivu” limeleta madhara makubwa, tena kwa muda mrefu. Tuanze basi na yaliyothibitishwa.

Karibu na Vienna, nchini Austria, kulikuwa na kijiji kiitwacho Marienthal ambacho karibu kila nyumba ilitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kati ya mwaka 1929 na 1930 kiwanda kikafungwa, na kijiji kizima kikabaki bila kazi. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel waliongoza utafiti wa maisha ya pale, na kitabu chao kilitoka mwaka 1933. Wengi walitarajia kwamba watu wenye muda mwingi wangesoma zaidi, wangekutana zaidi na kujishughulisha zaidi na siasa na vyama vyao. Ikawa kinyume. Vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya wafanyakazi vilipungua kwa karibu nusu, ingawa ada ya kuazima ilikuwa imefutwa. Wanaume walipoombwa kuandika walivyotumia saa za siku moja, wengi walishindwa kukumbuka walichofanya kati ya asubuhi na mchana. Watafiti walijibanza dirishani na saa mkononi wakipima mwendo wa wapita njia: wanaume walikuwa wakijikokota na kusimamasimama, wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikuwa zimewaacha, walikwenda kwa kasi zaidi.

Miaka mingi baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi humpa mtu mshahara pamoja na mambo mengine matano ambayo hatuyaoni mpaka yakosekane: mpangilio wa siku, kukutana na watu walio nje ya familia yake, lengo linaloshirikiwa na wengine, hadhi, na kitu cha kufanya kila siku. Mtu akinyang’anywa yote hayo kwa mkupuo, kujiamini kwake kunaliwa kidogo kidogo. Utafiti wa Marienthal ulionyesha jambo jingine ambalo waandaaji wa mafunzo hulisahau haraka: familia zilizokuwa bado na moyo ndizo zilizokuwa na kipato kikubwa kidogo kuliko wengine, na zilizozama kabisa katika unyonge ndizo zilizokuwa na kipato kidogo zaidi. Kukata tamaa kulifuata njaa. Kwa hiyo anayekuja kijijini kufundisha kujiamini bila kujali kama washiriki wamekula au wamepata nauli ya kufika, ameanza vibaya.

Tena wasiwasi wa aliyekaa muda mrefu bila kazi, kwamba waajiri hawatamtaka, si wa kufikirika. Mwaka 2013 wachumi nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo maelfu ya wasifu wa kubuni yalitumwa kwa waajiri halisi. Sifa za waombaji zilikuwa zinalingana, tofauti ikiwa muda waliokaa bila kazi. Kadiri muda huo ulivyorefuka, ndivyo simu za kuitwa kwenye usaili zilivyopungua, hasa katika miezi 8 ya mwanzo. Mwajiri anapoona pengo, anadhani kuna kasoro. Kumwambia mtu wa namna hii “jiamini tu, utapata” ni kumwomba apuuze kitu alichokiona kwa macho yake.

Kujiamini hujengwaje?

Mwanasaikolojia Albert Bandura alilichambua jambo hili mwaka 1977. Aliangalia ile imani ya mtu kwamba ana uwezo wa kutekeleza jambo mahususi, akaonyesha kwamba imani hiyo ina vyanzo vinne. Chenye nguvu kuliko vyote ni kufanya jambo na kulifanikisha. Cha pili ni kumwona mtu wa hali kama yako akifanikiwa. Cha tatu ni kutiwa moyo kwa maneno. Cha nne ni jinsi mwili unavyosikia: moyo unaodunda na jasho la viganja humfanya mtu aamini kwamba hawezi, hata kama anaweza.

Sasa tazama semina nyingi za kuhamasisha. Mgeni mwenye mafanikio makubwa anasimama mbele, anasimulia alivyopambana, watu wanapiga makofi, vyeti vinagawiwa. Semina nzima imesimama juu ya chanzo cha tatu, ambacho ni dhaifu. Hata chanzo cha pili kimetumika vibaya, kwa sababu mgeni yule yuko mbali mno na maisha ya wanaomsikiliza. Mama aliyekaa miaka minne bila kipato atajifunza zaidi kwa mwenzake wa kijiji cha jirani ambaye mwaka jana alikuwa katika hali hiyohiyo, na leo anafanya kazi siku tatu kwa wiki. Ningekuwa na uwezo wa kubadili jambo moja tu katika mafunzo ya aina hii, ningepunguza muda wa mkufunzi kuongea hadi robo ya kipindi, na muda wote uliobaki washiriki wawe wanafanya.

Wanafanya nini? Chukua swali ambalo kila aliyekaa muda mrefu bila kazi analiogopa kwenye usaili: “Umekuwa ukifanya nini miaka yote hii?” Washiriki wanakaa wawili wawili, mmoja akiwa mwajiri. Jibu la kwanza karibu kila mara ni lilelile. Mtu anainamisha macho, anasema, “Nilikuwa nyumbani tu.” Mkufunzi hamkosoi. Anawaomba wenzake wamsaidie kukumbuka, na kijijini hilo ni jepesi kwa kuwa watu wanajuana. Mmoja anasema, “Si ulikuwa unamuuguza mama yako?” Mwingine anaongeza, “Na ile pampu ya maji ilipoharibika, nani aliitengeneza?” Wa tatu anakumbusha kwamba daftari la michango ya kikundi analishika yeye, na hesabu haijawahi kupotea. Anajibu kwa mara ya pili: “Kwa miaka mitatu iliyopita nilikuwa namuuguza mama. Nilipanga muda wa dawa, nilifuatilia siku za kliniki, nilisimamia matumizi ya nyumba. Katika kipindi hicho pia nimekuwa mtunza hazina wa kikundi.” Kila alichokisema ni kweli. Hakuna alichokiongeza wala kukipamba.

Hapo wengi wa wakufunzi hushangilia na kuhamia mada nyingine, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Jibu hilo linatakiwa lirudiwe mara ya tatu, ya nne, ya tano, mbele ya “waajiri” tofauti, mmoja mpole, mwingine mkali, mwingine anayeangalia simu yake. Sauti iliyokuwa ikififia mwisho wa sentensi inapata nguvu kwa kuzoea. Wenzake wanaanza kwa kutaja kilichokaa vizuri, kisha kila mmoja anapendekeza jambo moja la kurekebisha. Mshiriki anaondoka akiwa amelifanya jambo lililokuwa linamtisha, amelifanya akiwa na woga, na ameona halikumuua. Hicho ndicho chanzo cha kwanza cha Bandura, na kinagusa cha nne pia.

Kumwandaa mtu kwa kushindwa

Katika miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walibuni programu iliyoitwa JOBS kwa ajili ya watu waliopoteza kazi. Toleo lake la baadaye lilikuwa na vipindi 5 vya saa 4 kila kimoja, vikiendeshwa na wakufunzi wawili, na washiriki walijifunza kwa kutenda. Programu iliwafundisha kutafuta kazi, lakini sehemu iliyoitofautisha na nyingine ilikuwa kuwaandaa kwa vikwazo kabla havijatokea. Majaribio yaliyolinganisha washiriki na wasioshiriki yalionyesha kwamba waliopitia programu walipata kazi mapema zaidi, na dalili za sonona zilipungua, hasa kwa wale waliokuwa katika hatari kubwa zaidi. Ufuatiliaji wa miaka miwili baadaye ulikuta manufaa hayo bado yapo. Finland nayo iliichukua ikairekebisha kwa mazingira yake.

Namna ya kuwaandaa ni rahisi kuieleza, ila inahitaji subira. Kabla mshiriki hajaenda kumwona mwajiri au kupiga simu, kikundi kinamwuliza: ni nini kinaweza kwenda vibaya? Huenda simu isipokelewe. Huenda akaambiwa nafasi imeshapata mtu, au uzoefu wake hautoshi. Huenda ndugu wakamcheka kwa kujaribu tena. Kwa kila jambo anasema atakachofanya saa ileile, atakayemweleza, na hatua inayofuata. Siku jambo lenyewe likimkuta, analitambua. Kwa mtu aliyekwisha kukataliwa mara nyingi, tofauti kati ya kukataliwa ulikokutarajia na kukataliwa kulikokushtukiza ni kubwa sana. Kwa maoni yangu, mafunzo yoyote ya kujiamini yasiyokuwa na kipengele hiki yanaweza kumdhuru mshiriki, kwa sababu yanampandisha juu kisha yanamwacha aanguke peke yake wiki inayofuata.

Pale ambapo hakuna waajiri

Vijijini kuna ugumu ambao programu za mijini hazikuufikiria: huenda hakuna wa kumpelekea maombi. Mafunzo ya kutafuta kazi mahali pasipo na kazi huishia kuwafanya watu wajione wao ndio tatizo. Mazingira ya namna hii yanadai kufundisha uthubutu wa kuanzisha jambo. Lomé, mji mkuu wa Togo, ulitupa ushahidi mzuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwagawa wenye biashara ndogo 1,500 katika makundi matatu: waliofundishwa biashara kwa njia ya kawaida ya vitabu vya hesabu na masoko, waliofundishwa kuwa na mtazamo wa kuanza wenyewe, kutazama mbele na kutokata tamaa wanapokwama, na wasiofundishwa. Faida ya kundi la pili ilipanda kwa asilimia 30. Ya kundi la kwanza ilipanda kwa asilimia 11, kiwango ambacho kitakwimu hakikutosha kuthibitisha kwamba mafunzo ndiyo yaliyoleta tofauti. Hao walikuwa tayari na biashara, na mjini, kwa hiyo haifai kuahidi asilimia hizohizo kwa mtu anayeanzia sifuri kijijini. Linaloweza kuchukuliwa ni mbinu: mshiriki anachagua tatizo moja dogo linalomzunguka, anapanga la kufanya ndani ya wiki, analifanya, anarudi kueleza lilivyokwenda.

Mambo mengine madogo huamua kama watu watarudi siku ya pili. Saa za mafunzo zisigongane na kazi za shamba wala za malezi, na anayenyonyesha awe na mahali pa kumlaza mtoto. Asiyejua kusoma asilazimishwe kujaza fomu mbele ya wenzake. Mazoezi karibu yote yanaweza kufanyika kwa mdomo. Na kwa kuwa kijijini siri haikai, kikundi kikubaliane mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba yanayosemwa humo hayatoki nje.

Mkufunzi naye ajue mipaka yake. Mshiriki asiyelala kwa wiki nyingi, anayejitenga na kila mtu, au anayesema hana sababu ya kuishi, anahitaji mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Kumsubirisha hadi kipindi kijacho ni hatari.

Nyumbani pia kuna la kufanya. Swali la “umepata?” linaloulizwa kila jioni linamkumbusha mtu jambo asilolimiliki, kwa maana uamuzi wa kuajiri uko kwa mwingine. Mwulize leo amejaribu nini, amezungumza na nani, kesho anapanga kwenda wapi. Hayo anayamiliki, na anaweza kuyajibu bila aibu.

Viongozi wa eneo na taasisi zinazoleta mafunzo wana wajibu mzito kuliko familia. Kikundi kikimaliza, kipewe kazi halisi yenye malipo hata kama ni ya muda mfupi: kuhesabu kaya, kukarabati jengo la umma, kuandaa chakula cha mkutano. Wiki mbili za kazi iliyolipwa na kukamilika zinaongeza mstari wa kweli kwenye wasifu na zinapunguza lile pengo ambalo mwajiri hulitilia shaka. Kisha kikundi kiendelee kukutana angalau mara moja kwa mwezi, hata mkufunzi akiwa ameshaondoka, kila mmoja akieleza alichokusudia na alichokifanya. Kama mradi hauna fedha za kufanya mafunzo na ufuatiliaji vyote viwili, ni heri kuwafundisha watu 15 na kuwafuatilia kwa nusu mwaka kuliko kuwakusanya 100 kwa siku mbili na kuwapa vyeti.