Ukizidisha nanotyubu, unatengeneza kioo

Nanotyubu za kaboni, yaani vimirija vyembamba mno vya kaboni, huchanganywa na epoksi (gundi inayoganda) ili kufyonza mawimbi ya rada. Nimeletewa tena hoja ile ile, safari hii kwa sauti ya ushauri: "Mbona unaweka nanotyubu za kaboni asilimia 1 tu kwenye epoksi? Weka 10, ifyonze maikrowevu yote." Ikafuatishwa na picha ya Vantablack, tabaka jeusi mno la nanotyubu, kana kwamba kesi imekwisha.

Haijaisha. Wimbi haliwezi kufyonzwa kabla ya kuingia. Hewa ina impidansi (ukinzani wake kwa wimbi) ya omu 377 hivi, na kitu chenye impidansi iliyo mbali na hapo hata hodi hakiitikii: wimbi linageuziwa mlangoni. Nanotyubu ni nyembamba na ndefu mno, kwa hiyo zikitawanywa vizuri hugusana na kufanya mtandao wa kupitisha umeme hata zikiwa chini ya asilimia 1 ya uzito. Ukiendelea kumimina, upitishaji unapanda, impidansi inashuka, na sampuli yako inaanza kufanya kazi ya bati. Hongera, una kioo cha rada, tena cha gharama.

Na Vantablack ni shahidi wangu mimi. Ile iliyotangazwa na Surrey NanoSystems ya Uingereza mwaka 2014 ilifyonza asilimia 99.965 ya mwanga kwa sababu nanotyubu zake zimesimama wima na sehemu kubwa ya tabaka lile ni nafasi tupu. Mwanga unaingia kwa kuwa hakuna kingi cha kuurudisha. Isitoshe, huo ni mwanga. Kwenye GHz 10 wimbi lina urefu wa milimita 30, na weusi wa kitu hapo haukuambii lolote.

Sasa tufike kwenye kinachonikera hasa. Ripoti ya kupima sampuli kama hiyo inaandika: kinga kwa kuakisi desibeli 10, kinga kwa kufyonza desibeli 30, "hivyo ufyonzaji ndio unaotawala". Tupige hesabu pole pole. Kila desibeli 10 hugawa nguvu kwa kumi, kwa hiyo desibeli 10 za kuakisi maana yake asilimia 90 ya nguvu imerudi ilikotoka. Zile 30 zinahesabiwa juu ya kile kilichobaki tu, yaani ile asilimia 10, na zinameza asilimia 9.99 ya nguvu ya mwanzo. Kwa hiyo umeakisi 90, umefyonza pungufu ya 10, halafu unajiita mfyonzaji! Namba zenyewe ni sahihi; sentensi ndiyo mbovu, kwa sababu desibeli hizo mbili zinaanzia kwenye viwango viwili tofauti. Kama unakinga saketi isiingiliwe, sawa, kipande hicho kinafaa kabisa. Ukikibandika juu ya kitu unachotaka rada isikione, rada itakusalimia vizuri tu. Mimi naomba asilimia tatu: iliyoakisiwa, iliyofyonzwa na iliyopita. Zijumlishe zifike 100.

Mdogo wake ni yule anayejisifu kwa mwakisiko wa "desibeli −60". Kwenye −20 tayari asilimia 99 ya nguvu haikurudi. Kinachobaki ni kugombania vipande vya asilimia moja. Shimo refu namna hiyo kwenye grafu kwa kawaida ni kazi ya unene: mwakisiko wa mbele na ule wa bamba la chuma la nyuma vimefutana, kwa kuwa unene ni robo ya wimbi, kwenye masafa membamba mno. Badilisha unene kidogo, shimo linahama au linakufa. Na mara nyingi sahani yenyewe haikuwahi kutengenezwa. Namba imekokotolewa kutoka kwenye pemitiviti, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyoitikia uga wa umeme.

Upana wa masafa nao una bei, na mtafiti Rozanov aliionyesha mwaka 2000. Kwa tabaka lisilo la sumaku lililobandikwa kwenye chuma, kupata mwakisiko wa desibeli −10 kuanzia GHz 2 hadi 18 kunadai unene usiopungua milimita 7.8 hivi. Ukiniletea milimita 1, sitauliza umetia nanotyubu ngapi.

Utawanyaji nitaupitia haraka: ultrasoniki huvunja mafundo, lakini huvunja na nanotyubu zenyewe, na zikiwa fupi unahitaji nyingi zaidi ili mtandao uungane.

Kuna mambo ambayo vitabu huyapita kimya kimya. Tunaandika "upolarishaji wa mipakani" (chaji kurundikana nanotyubu zinapokutana na epoksi) na "mtawanyiko wa ndani" (wimbi kudundadunda ndani ya sampuli) kwa kujiamini sana, nami huandika hivyo hivyo, ilhali mkunjo mmoja wa pemitiviti unakubali maelezo matatu au manne bila kulalamika. Upotevu wa sumaku ndio unaonitia shaka zaidi. Mabaki ya chuma cha kichocheo, kile cha kuotesha nanotyubu, yanaweza kuuleta kweli, lakini pengo dogo la hewa kati ya sampuli na ukuta wa bomba la kupimia huleta kitu kinachofanana nao. Sampuli ikikaribia unene wa nusu wimbi, hesabu huanza kuweweseka. Nikiona thamani hasi pale, nakata sampuli nyingine ya unene tofauti na kupima upya, na mara nyingi ile "sumaku" haionekani tena.