Wakati uliopo sahili wa Kiingereza si "sasa hivi"

Wengi tulifundishwa kwamba wakati uliopo sahili wa Kiingereza, yaani umbo kama "I cook", hueleza tendo linalofanyika sasa hivi. Jina lenyewe linadanganya. Mtu akikupigia simu akuulize unafanya nini, nawe ukajibu "I cook ugali", Mwingereza ataelewa kwamba kupika ugali ni desturi yako, au pengine ndiyo kazi yako. Kama sufuria iko motoni na mwiko uko mkononi, sema "I am cooking ugali".

Mzizi wa kosa hili umo katika Kiswahili chetu. Kiambishi -na- kinabeba yote mawili: "Juma anavuta sigara" yaweza kuwa anavuta pale mlangoni, au ni mvutaji tu, hata kama saa hizi amelala fofofo. Kiingereza hutenganisha: "Juma smokes" ni tabia, "Juma is smoking", moshi unauona. Ukitaka kujipima, jaribu hu-. Ikiwa "Juma huvuta sigara" inabeba maana uliyokusudia, tumia umbo sahili.

Kipimo hicho hakifiki kila mahali. Vitenzi kama "know", "want" na "understand" kwa kawaida hubaki sahili hata jambo likiwa la dakika hii. "I am knowing" huwakunja uso wenye lugha yao. Ratiba nazo ni kituko zaidi: "The bus leaves at six tomorrow" ni basi la kesho, saa kumi na mbili kwa saa zetu, na kitenzi bado kimevaa wakati uliopo.