Mshipa wa tumbo uliovimba: si ngiri, si chango, na lile tobo dogo la kinenani si mwisho wa habari

Ami yangu alikwenda kupiga ultrasaundi kwa ajili ya tezi dume, mkojo ulikuwa unamsumbua, akarudi na habari nyengine kabisa: mshipa mkuu wa damu tumboni umevimba, sentimita 4.6. Tangu siku ile barazani kila mtu ana lake la kusema, na mimi nikakaa nikasoma, nikauliza madaktari, nikaona bora niyaandike maana mengine nnayoyasikia yanaua mtu.

"Ana mshipa tu huyo, wazee wote wanao."

Hapa sisi watu wa Visiwani ndo tunapopotea, kwa sababu kwetu mtu akisema ana mshipa anakusudia ngiri au busha, basi anaambiwa atafute mkandaji. Huu sio huo jamani. Huu unaitwa aota, ndo mshipa mkubwa kuliko yote mwilini, unatoka kwenye moyo unashuka mbele ya uti wa mgongo mpaka usawa wa kitovu, pale unagawika mara mbili kwenda miguuni. Kawaida upana wake tumboni ni kama sentimita 2, ukifika 3 madaktari wanauita anurizimu, yaani ukuta umelegea ukatuna. Chango haihusiki, jini hahusiki, na tumbo kama lile si la kukandwa kwa nguvu wala kukanyagwa. Na ukipasuka wengi wanakufa, wengine hata spitali hawafiki.

"Mbona hajaumwa na chochote?" Ndo ulivyo. Wengi hawasikii kitu kabisa, unaonekana kwa bahati kama ulivyoonekana wa ami. Mwenye mshipa huu akishikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo au mgongo, jasho linamtoka, anataka kuzimia, hapo hakuna kusubiri asubuhi wala kumchemshia mti, ni gari na spitali saa ile ile.

Mwengine akasema haya ni maradhi ya vyakula vya siku hizi. Hapana, si ya leo, yule mwanasayansi Albert Einstein alifungwa mshipa huu kwa selofeni mwaka 1948, karatasi ile nyembamba inayoonesha ndani, na mwaka 1955 ukapasuka akafa. Kinachouharibu khasa ni sigara, halafu umri, presha, na ukoo. Na wapo wanaolaumu sukari, lakini utafiti unaonesha wenye kisukari wanaupata kidogo kuliko wengine, sisemi sukari ni nzuri, nasema tusiilaumu hapa tukaiwacha sigara ikapita.

"Kama umeonekana basi apasuliwe leo leo." Hili lilitugombanisha nyumbani, watoto wake wanataka kuuza shamba wampeleke India wiki ile ile. Ukweli ni kwamba mdogo unachungwa tu. Kwa wanaume mara nyingi operesheni inazungumzwa ukifika sentimita 5.5, kwa wanawake kama 5, au ukiwa unakua mbio au unauma. Chini ya hapo, wamefanya tafiti wakaona waliopasuliwa mapema hawakuishi zaidi ya waliosubiri huku wakipimwa.

Sasa iko operesheni ya tobo dogo, isiyopasua tumbo, nayo ina maneno mengi. Wapo wanaodhani tumbo linatobolewa na uvimbe unakatwa unatolewa. Haiguswi tumbo. Wanaingilia kwenye kinena, pale paja linapokutana na tumbo, wanapitisha waya na mrija mwembamba ndani ya mshipa huku wanaangalia kwenye eksirei, mle ndani ya mrija mna sitenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma, iliyoshonewa kitambaa imekunjwa, ikifika mahala pake inafunguka inakamata juu na chini. Ni kama kutia bitana ndani ya nguo iliyochakaa: nguo ya nje inabaki pale pale lakini damu sasa inapita kwenye bitana, ule uvimbe haupokei tena mkikimkiki. Na si majaribio ya juzi, daktari Juan Parodi aliifanya Buenos Aires, Argentina, tangu mwaka 1990.

"Basi hiyo ndo bora kwa kila mtu." Mwanzoni ndio ni nyepesi. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulikuta ndani ya siku 30 wanakufa kama 2 katika 100 kwa njia ya tobo, na kama 5 katika 100 kwa kupasuliwa tumbo, na mtu anarudi nyumbani upesi. Lakini walipofuatiliwa miaka mingi ile faida ikapotea, na wa tobo ndo waliorudishwa zaidi kutengenezwa. Halafu si kila mshipa unakubali, lazima chini ya mishipa ya mafigo pabaki kipande kizima cha kushikia sitenti, na mishipa ya kinena iwe inapitika.

Na hapa ndo nnapotaka watu wa Unguja na Pemba wasikilize sana: sitenti ikishatiwa kazi haijaisha. Damu inaweza kuvuja pembeni ikarudi kwenye uvimbe, sitenti inaweza kuteleza, na mgonjwa hasikii kitu. Kwa hiyo anapigwa CT, ile eksirei ya kompyuta inayoonesha ndani ya mwili, mara ya mwanzo baada ya kama mwezi, kisha anaendelea kuangaliwa kwa CT au ultrasaundi maisha yake yote. Sasa mtu katibiwa nje karudi Micheweni, kipimo chake atapiga wapi, nani atakisoma akilinganishe na cha mwanzo, nauli ya boti kila mwaka nani atatoa? Haya yaulizwe kabla ya kukata tiketi, na karatasi na sidii za vipimo zote zidaiwe zirudi na mgonjwa, zisibaki kule.

Ami kaacha sigara, presha anameza vidonge, kapangiwa arudi kupimwa baada ya miezi sita. Daktari kasema na ndugu zake wa damu wapigwe ultrasaundi kwa sababu ya ukoo, kipimo chenyewe ni dakika chache na hakiumi. Wawili wameshakwenda. Mdogo wake aliyeko Wete, anavuta tangu skuli, bado hajaenda, na kila usiku nampigia simu.