Inchi 18 hazitoshi: saizi ya rimu na tairi inasomwaje

Mwenye Altezza, Impreza au Toyota 86 akienda kutafuta rimu mjini Mtwara, swali la kwanza atakaloulizwa ni "inchi ngapi?" Mara nyingi ndilo linakuwa la mwisho pia. Muuzaji anaizungusha rimu ya mtumba juani ing'ae, anasema: "Bosi, hizi kumi na nane, matundu matano, zinakubali." Matundu matano ni kweli yapo. Kukubali ni habari nyingine.

Saizi ni vipimo kadhaa vinavyofungana. Kuna vya rimu, kuna vya tairi, na kuna nafasi iliyopo kati ya shokapu na fenda ambayo haiongezeki hata ukibembeleza. Ukigusa kipimo kimoja, kingine lazima kifidie. Nitatumia Altezza RS200 kuonyesha hesabu, kwa kuwa vipimo vyake vya kiwandani vinajulikana: rimu ya inchi 17 kwa upana wa 7J (yaani inchi 7), ofseti 50 (nitaieleza mbele), na tairi 215/45R17.

Tuanze na tairi. Hiyo 215 ni upana kwa milimita. 45 watu wengi huidhania milimita, lakini ni asilimia: ubavu wa tairi una kimo cha asilimia 45 ya ule upana, yaani milimita 96.75. 17 ni inchi za rimu, na inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo 431.8. Jumlisha rimu na mbavu mbili, ya juu na ya chini, unapata milimita 625.3. Hicho ndicho kipenyo cha jumla cha gurudumu. Hakijaandikwa popote kwenye tairi, na kwangu ndiyo namba ya kwanza kukokotoa kabla ya kuuliza bei, kwa sababu spidimita, gia na ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukikanyaga breki) vyote vimepangwa kiwandani kwa kukitegemea.

Sasa chukua rimu ya 18 na uivalishe tairi la 215/45 kama la mwanzo. Kipenyo kinakuwa milimita 650.7, zaidi ya kile cha kiwandani kwa asilimia 4. Gurudumu likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, ila dashibodi haina habari. Dhani spidimita yako ilikuwa inasoma sawasawa: ikisema 80, wewe uko 83, ikisema 50 kijijini, uko 52, na trafiki mwenye tochi hasomi dashibodi yako. Gari nalo linakuwa zito kuondoka, kama vile gia zote zimerefushwa kidogo. Mafundi wengi wanakubaliana usivuke asilimia 3 kwenda juu wala chini. Ndiyo maana anayepanda kwenda 18 hushusha asilimia ya ubavu: 225/40R18 inatoa 637.2, ongezeko la asilimia 1.9; 215/40R18 inatoa 629.2, ambayo ni karibu sawa kabisa na ya kiwandani.

Kwenye Impreza WRX jambo hili lina uzito zaidi. Gari linavuta kwa magurudumu yote manne, na ukiweka tairi la kipenyo kimoja mbele na jingine nyuma, difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) inafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka. Inachemka, inaliwa, na bei yake inazidi ya tairi ulilokwepa kununua. Hata saizi zikiwa sawa, tairi jipya likikaa na matatu yaliyoisha kashata (meno yanayoshika barabara), tatizo ni lile lile.

Upana wa rimu nao una mipaka. Tairi la 215/45R17 limetengenezwa kwa rimu za 7J hadi 8J, na 225/40R18 kwa 7.5J hadi 9J. Ile mitindo ya kuvuta tairi jembamba juu ya rimu pana mpaka mdomo wa rimu ubaki wazi, waachie wanaoegesha. Mdomo usiokingwa na mpira ndio unaokutana na shimo kwanza.

Ofseti ndiyo inayoharibu manunuzi mengi. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso unaobana kwenye habu, kile kitovu cha gari ambacho gurudumu hufungwa. Rimu za magari tunayoyazungumzia zina ofseti chanya, maana yake uso huo uko upande wa nje, na mwili wa rimu umeingia ndani kuelekea shokapu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linazama ndani ya fenda. Ikiwa ndogo, linatoka nje. Geuza rimu utaikuta nyuma ya mkono wake au karibu na matundu, imeandikwa ET45, +45 au INSET 45.

Shida ni kwamba ofseti haisomwi peke yake, inasomwa pamoja na upana. Rimu ya kiwandani ya Altezza ina 7J. Nusu yake ni milimita 88.9. Toa 50, unapata 38.9 kutoka habu kwenda nje. Jumlisha 50, unapata 138.9 kwenda ndani. Sasa mtu anakuja na 8J yenye ofseti 45. Nusu ya 8J ni 101.6. Nje inakuwa 56.6, ndani 146.6. Rimu imetoka nje kwa milimita 17.7 na wakati huo huo imesogelea shokapu kwa milimita 7.7. Aliyetazama ofseti tu alidhani amesogea milimita 5. Rimu ya tatu, 8.5J yenye ofseti 30: ndani ni 137.95, karibu sawa na ya kiwandani, shokapu iko salama. Lakini nje ni 77.95, yaani imesukumwa milimita 39 kuelekea mtaani. Hiyo ukipakia watu nyuma, tairi litaparuza fenda kwenye kila tuta, na kuanzia Mtwara mpaka Dar es Salaam matuta na rasta hayahesabiki.

Rimu iliyotoka sana nje haina shida ya fenda tu. Beba ndoo ya maji mkono ukiwa umeuegemeza mwilini, kisha ibebe mkono umeunyoosha. Beringi ya gurudumu inapata tofauti hiyo hiyo. Usukani nao unaanza kuvutwa na kila kiraka cha lami, kwa sababu mahali tairi linapogusa barabara pamehama kutoka pale palipokusudiwa na waliochora gari.

Spesa ni njia nyingine ya kupunguza ofseti: spesa ya milimita 5 chini ya rimu ya ofseti 50 inaifanya iwe kama 45. Si haramu, ila inakula urefu wa stadi, zile boliti za habu zinazoshika nati. Nati ya uzi wa 1.5 (milimita kati ya uzi na uzi), kama ya Altezza, inapaswa kushika mizunguko isiyopungua saba. Ya uzi wa 1.25, kama ya Subaru na Toyota 86, isiyopungua minane. Ikishika mitatu ukaambiwa "imekaza hiyo," rudisha rimu yako ya zamani.

Matundu matano sasa. Kinachotajwa kama 5x114.3 au 5x100 ni idadi ya matundu na kipenyo cha duara linalopita katikati yake. Altezza ni 5x114.3. Toyota 86 ni 5x100, japokuwa inatoka kiwandani na tairi lile lile la 215/45R17. Impreza STI (toleo kali kuliko WRX) za mwanzo zilikuwa 5x100, kisha kuanzia modeli ya 2005 zikahamia 5x114.3, kwa hiyo kusema "rimu za Subaru" bila mwaka hakusaidii. Huhitaji kifaa maalumu kuzitofautisha. Pima kwa rula kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile la jirani: kama ni milimita 67 hivi, ni 114.3, kama ni karibu 59, ni 100. Rimu iliyotobolewa upya pembeni ya matundu ya zamani usiinunue.

Tundu kubwa la kati nalo lina kipimo. Habu ya Altezza ni milimita 60.1, ya Impreza na 86 ni 56.1, wakati rimu nyingi za kampuni binafsi zinatengenezwa na tundu la 73 hivi ili ziingie magari mengi. Pengo hilo linazibwa na ringi. Bila ringi, rimu inaning'inia kwenye nati, na gari likifika 80 au 100 usukani unatetemeka. Fundi atabalansi mara tatu bila kuona kosa. Na nati ziangaliwe zinavyokaa: baadhi ya rimu za kiwandani za Toyota zinatumia nati zenye washa bapa, wakati rimu nyingi za mtumba zinataka nati za koni. Zikichanganywa zinakaza mkononi na kulegea njiani.

Turudi kwenye ubavu wa tairi, maana kwa mtu wa Kusini hapa ndipo pesa inapookolewa au kuteketea. Vitabu vya magari ya sports vinasifu ubavu mfupi: gari linajibu usukani haraka, halilali kwenye kona. Ni kweli, kwenye lami ya kioo. Barabara yetu kuu inabeba malori ya saruji ya Dangote, malori ya korosho msimu ukianza Oktoba, na yale ya makaa ya mawe yanayoshuka kutoka Ruvuma kupitia Masasi kwenda bandari ya Mtwara. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo wilayani Kilwa. Mashimo yanazibwa, yanarudi. Na anayepanda Tandahimba na Newala anajua kwamba kipande cha baada ya Mnivata kimekuwa cha vumbi kwa miaka mingi.

Tairi linapoingia shimoni, ubavu ndio unaojikunja ili rimu isigonge. 225/40R18 ina ubavu wa milimita 90. Ile ya kiwandani ina karibu 97. Milimita saba zinaonekana ndogo mpaka utakapoona rimu iliyopinda, au tairi lililotoa nundu ubavuni kwa sababu nyuzi za ndani zimekatika. Tairi lenye nundu halizibwi, linatupwa.

Kwa hiyo mimi ningeenda upande ambao vijana wengi hawaupendi, wa kushuka. 205/55R16 ina kipenyo cha milimita 631.9, asilimia 1 tu juu ya kile cha Altezza, lakini ubavu wake ni karibu milimita 113. Tena ni saizi ya magari mengi ya kawaida, kwa hiyo tairi likipasuka Nangurukuru hulali pale ukisubiri basi likuletee jingine kutoka Dar. Inchi zinazopungua zinapunguza sura, sikatai. Sharti ni moja: rimu ipite juu ya kalipa ya breki, ile sehemu inayobana diski. Impreza STI yenye kalipa za Brembo haishuki chini ya 17, hiyo haina mjadala. Anayebaki na 17 ya kiwandani amechagua vizuri tu. Anayeng'ang'ania 18 basi asome na herufi ndogo za ubavuni.

Herufi hizo ni kama 87W. 87 ni uwezo wa kubeba, kilo 545 kwa tairi moja. W ni mwendo, hadi kilomita 270 kwa saa, jambo ambalo kati ya Mikindani na Mingoyo halikuhusu. Uwezo wa kubeba unakuhusu. Ile 215/40R18 iliyoonekana karibu sawa kwa kipenyo, katika toleo la kawaida ni 85, yaani kilo 515, chini ya ile ya kiwandani. Tafuta yenye 89 na alama ya XL (tairi lililoimarishwa), inayobeba kilo 580, na ujue XL inataka upepo zaidi kidogo ili ifikie uwezo huo. Tazama pia tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nene na umri wa miaka kumi ni mpira uliokufa, na jua la pwani halilirudishi.

Kabla ya kulipa, funga rimu moja mbele na moja nyuma. Zungusha usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, usikilize. Wapakie wenzako wanne, upite kwenye tuta taratibu. Ingiza kidole kati ya tairi na shokapu. Kama hakipiti, hiyo si saizi yako, hata muuzaji apunguze bei vipi. Ukishanunua, fanya alaimenti, kisha nati zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi, kwa sababu rimu mpya hujikalisha. Kwa anayetoka Mtwara, kilomita hizo zinaishia karibu na Lindi. Beba spana ya magurudumu, usimame pale, ukaze.