Sabuni haiondoi dizeli iliyomwagika

Kwenye vyuo vingi, jenereta ikivuja au dumu la dizeli likipinduka nyuma ya karakana, huletwa ndoo ya maji na sabuni ya unga. Inaaminika kwamba sakafu ikishang'aa, mafuta yamekwisha. Si imani ya ajabu; ndivyo tunavyoosha masufuria.

Jaribu nyumbani. Tia maji kwenye glasi, ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia. Yataelea juu, unaweza hata kuyateka. Sasa dondoshea sabuni ya maji, funika, utikise. Maji yanakuwa meupe kama tui. Mafuta hayajatoweka, yamekatika vitone vidogo mno, visivyokamatika tena. Dizeli nayo ni hivyo hivyo, na mitaro ya mvua kwa kawaida humwaga mtoni au bondeni bila maji kusafishwa popote. Ufuate wa chuoni kwako uone unakoishia.

Kinachofaa ni kazi kavu: ziba panapovuja, zuia mdomo wa mtaro kwa mchanga, mwagia mchanga au vumbi la mbao juu ya mafuta, zoa, weka kwenye ndoo yenye mfuniko. Taka hiyo haiendi jalalani. (Petroli ni habari nyingine: mvuke wake huwaka kwa cheche tu, kwa hiyo watu waondoke kwanza na swichi zisiguswe.)

Kinga yenyewe ni kiukuta kuzunguka tangi. Kipimo kinachotumika sana ni kibebe asilimia 110 ya ujazo wa tangi. Chungulia pia tundu lake la kutolea maji ya mvua; likiachwa wazi, dizeli itapitia hapo hapo.