Kimeng'enya kinachokatwa na kuendelea na kazi

Protini ikikatwa, wengi wetu tunajua imekwisha. Ndivyo ifanywavyo nyama tumboni na kwenye utumbo: hukatwakatwa mpaka zikabaki asidi amino, na protini ile haipo tena. Lakini kuna mkato wa namna nyingine, proteolisisi ya kiasi, ambapo protini hukatwa mahali pachache tu kisha ikaachwa. Haisambaratiki. Hubadilika tabia.

Mfano mzuri ni kimeng'enya cha zanthini, protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, kwani kinahusu maradhi yasiyokosa kutajwa kwenye baraza za Lamu: jongo, au gauti kama wasemavyo hospitalini. Mtu huamka usiku kidole gumba cha mguu kimefura, chekundu, hata shuka ikikigusa hawezi kuvumilia. Ndani ya kiungo kile mna fuwele za asidi ya yuriki. Kimeng'enya hiki, kilicho kingi kwenye ini na utumbo, ndicho kinachoitengeneza asidi hiyo. Purini, yaani sehemu za DNA, za seli zetu wenyewe, pamoja na za vyakula kama maini na dagaa, hufikia kuwa kemikali iitwayo haipozanthini. Kimeng'enya huigeuza kuwa zanthini, kisha asidi ya yuriki.

Katika kila hatua huchukua elektroni, na elektroni hazikai. Lazima zikabidhiwe mwingine. Kikiwa kizima, huzikabidhi zaidi kwa NAD, molekuli itokanayo na niasini, ambayo seli hulitumia umbo lake lililobeba elektroni katika kazi nyingine. Kikishakatwa, huzitupia oksijeni. Hapo huzaliwa supaoksaidi na haidrojeni peroksaidi, kemikali kali ziwezazo kuudhuru utando wa seli na hata DNA.

Mkato mdogo unawezaje kuleta tofauti kubwa hivyo? Kimeng'enya cha binadamu kina nusu mbili zinazofanana, kila moja ya asidi amino 1,333. Purini hukaa penye madini ya molibdeni, na elektroni hupita kwenye vishada vya chuma na salfa hadi penye FAD, molekuli itokanayo na vitamini B2, ambapo hukabidhiwa NAD au oksijeni. Tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, hukata viungio vilivyo wazi kati ya sehemu hizi, na kila nusu ikawa vipande vitatu, vya takriban daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 20,000, 40,000 na 85,000. Vipande havitengani, vinaendelea kushikana. Ila kitanzi kimoja karibu na FAD huhama na kuziba njia ya NAD, na oksijeni ndiyo inayobaki kupokea. Mabaharia watalielewa hili upesi: ukikata demani ya jahazi, mbao ziko palepale na mlingoti umesimama, lakini tanga halifuati tena amri ya nahodha.

Kwa hiyo si kweli kwamba mkato huu ndio unaoleta jongo. Asidi ya yuriki hutengenezwa kabla na baada yake. Kinachobadilika ni anayepokea elektroni, na taka zinazobaki.

Kuanzia mwaka 1969 watafiti Stirpe na Della Corte walionyesha, kwa kimeng'enya cha ini la panya, kwamba umbo la kwanza, liipalo NAD elektroni, hugeuka kuwa la pili, liipalo oksijeni, nje ya mwili. Jambo hilo ni zito, kwa sababu namna ya kukitoa kimeng'enya kwenye ini inaweza yenyewe kukigeuza, na mpimaji akadhani ndivyo kilivyo mwilini. Tena kuna njia mbili za kugeuka. Salfa za sisteini, mojawapo ya asidi amino zake, zikifungana, hali hurudishika. Mkato wa protini haurudishiki.

Katika miaka ya 1980 watafiti walipendekeza kwamba tishu ikikosa damu kisha ikaipata tena, kimeng'enya kilichogeuzwa hukutana na haipozanthini iliyorundikana na oksijeni iliyorejea, kikamwaga supaoksaidi. Kwenye utumbo wazo hilo lina nguvu. Kwenye moyo wa binadamu sikubali lichukuliwe hivi hivi, kwani huko kimeng'enya hiki ni haba mno.

Dawa ya jongo, alopurinoli, iliyotokana na kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, hushambulia pale penye molibdeni. Upande huo mkato hauuharibu, hivyo dawa hukizuia kimeng'enya kikiwa kizima au kimekatwa.