Digrii mbili Australia: uchumi haupunguzwi, kinachopungua ni masomo ya hiari

Wazazi na vijana mnaojiandaa kwenda Australia, dawati letu la ushauri limepokea malalamiko mengi msimu huu kwamba ukisoma digrii mbili kwa pamoja, hasa uchumi na sheria au uchumi na sayansi ya siasa, uchumi unakatwa. Mengi yanatokana na kuchanganya mambo tu, basi naomba tuelewane.

"Uchumi na Takwimu" ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) ni digrii moja, cheti kimoja. Hilo tumelieleza sana na bado watu wanakuja wakisema mtoto tayari ana digrii mbili. Hapana jamani. Digrii mbili tunazozungumzia zinatoa vyeti viwili.

Chukua Australian National University, Canberra. Digrii ya uchumi peke yake ni miaka 3, uniti 144 (uniti ni kipimo cha uzito wa masomo), na somo moja kwa kawaida ni uniti 6, yaani masomo 24. Ukiiunganisha na nyingine ya miaka 3, mfano sayansi ya siasa, jumla inakua uniti 192 kwa miaka 4, kila upande 96. Watu wakiona 96 wanasema uchumi umekatwa, umekua nusu nusu. Sio kweli. Zile 48 zilizotoka ni nafasi za masomo ya hiari, ambayo mwanafunzi wa digrii moja angejichagulia popote. Maikro (uchumi wa mtu na kampuni), makro (uchumi wa nchi nzima), hesabu, takwimu, ekonometriki (kupima mambo ya uchumi kwa takwimu), vyote viko palepale. Kwa hiyo wewe unayekimbilia kuunganisha na sheria ukidhani hesabu utaikwepa, utakutana nayo mwaka wa kwanza, tena huna masomo mepesi ya kupumzikia. Ukiunganisha na sheria ni miaka 5, uniti 240.

Na kwa mwaka hulipi ada ya digrii mbili, mzigo ni uleule wa masomo manne kwa semista, ila utalipa mwaka mmoja au miwili zaidi kuliko mwenye digrii moja, hilo lipangwe mapema.

Sasa upande wa viza, hapa naomba umakini sana. Viza ni ya daraja la 500. Tangu tarehe 23 Machi 2024 mwombaji anajibu maswali ya kuthibitisha kwamba ni mwanafunzi wa kweli, kwa hiyo kama umeomba uchumi na sheria ueleze kwa nini zote mbili, sio kuandika "nataka maisha bora". Ukifika huko ukaona digrii mbili zimekulemea unaruhusiwa kuomba kubaki na moja, ila usiache masomo kimyakimya. Chuo kinatakiwa kutoa taarifa serikalini na hati yako ya uthibitisho wa usajili, ile CoE, inabadilishwa kufuata muda mpya. Usajili ukikatika unakua umevunja sharti namba 8202 na viza inaweza kufutwa. Kuhama chuo kabla ya kumaliza miezi 6 ya kozi yako kuu (ile ya digrii) nako kuna masharti, kwa kawaida unahitaji kuachiliwa na chuo cha kwanza. Kazi ni masaa 48 kwa wiki mbili wakati semista inaendelea, sharti namba 8105, na mwenye digrii mbili hapewi nyongeza hata ya saa moja, tafadhali msidanganywe na mawakala.

Kabla ya kuondoka Tanzania pitieni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) mchukue hati ya kutokuwa na pingamizi, na mkirudi pelekeni hapo TCU vyeti vyote viwili pamoja na matokeo yake kwa ajili ya kutambuliwa. Sio kupeleka cha sheria halafu cha uchumi unakiacha kwenye begi, siku unaomba kazi ya mchumi ndio unaanza kukimbizana na ofisi.